Bakuli la Mjozi

Mjozi ulianguka Juni, kwa tufani iliyotoka Kansas,
ukalalia zizi la nguruwe, mizizi nje, aibu tupu.
Majirani wakaja na misumeno, wakataka kuni.
Nikawaambia chukueni matawi, shina niachieni.
Nikalipaka nta ncha zote mbili lisipasuke,
nikalilaza ghalani kama mzazi,
arobaini yake ikapita mara sita.

Sasa ni Februari, Nebraska. Theluji imefika kwenye vitasa.
Nimewasha hita ya mafuta ya taa, nimewasha kerezo,
na gogo linazunguka likiyumba, linaipiga meza mateke
kama ndama asiyetaka kamba.
Mwanzoni ni vita: magome yanaruka,
vumbi la rangi ya kahawa, pua inawasha.
Kisha, ghafla, mti unakubali.
Maranda yanatoka marefu, mabichi,
yananimwagikia begani, yananing'inia masikioni,
mimi, mwanamke wa miaka sitini na mitatu,
nimevaa hereni za bure.

Ludvik, hili ni lako.

Ijumaa zote za utoto tuligombea bakuli la bati.
Mama akikaanga bisi kwa mafuta ya nguruwe,
kifuniko kikitetemeka,
wewe ukihesabu kwa sauti mpaka ya mwisho ipasuke.
Siku hizi hesabu ndiyo uliyobaki nayo.
Macho yamekuaga taratibu, pembeni kwanza,
mpaka televisheni ikawa dirisha lenye ukungu.
Mimi nakusimulia: sasa anafungua mlango.
Sasa amesimama, hajaamua.
Nawe unauliza, "Kavaa nini?"
kana kwamba ndiyo siri yote ya sinema.

Kwa hiyo sikulipimia macho.
Ukingo nimeuacha mnene upande wako, mwembamba upande wangu.
Chini, kitakoni, nimechimba mfereji
ambamo punje sugu, zilizoukataa moto,
zitateremka zikae peke yao, zisikuvunje jino tena.
Kina: kiganja kizima hadi kifundoni.
Upana: mikono miwili iingie bila kuombana radhi.
Jozi ni kokwa. Jozi pia ni wawili.

Saa tisa na robo simu ililia.
Ilikuwa kliniki ya Omaha.
Walitaja jina lako, kisha wakanyamaza kidogo.
Nilisikiliza patasi ikiwa mkononi
na mashine bado inazunguka. Usifanye hivyo, najua,
wewe ndiye uliyenifundisha.
Chuma kikauma. Shimo, dogo kama kucha ya mtoto.

Nililipiga msasa mpaka vidole vikapata moto,
themanini, mia na hamsini, mia mbili na arobaini, mia nne.
Nikapaka mafuta ya jozi, nikafuta, nikapaka tena,
na mbao ikaiva nyeusi yenye zambarau ndani yake,
inameta kama farasi aliyetoka jasho.
Hakuna jicho ambalo lingeona.

Ijumaa nikakuwekea mapajani, tupu.
Ukaligonga kwa kidole, ukasikiliza.
Ukalinusa.
"Mjozi wa zizini," ukasema. "Kumbe hukuuchoma."
Ukaingiza mkono, ukaufuata mfereji, ukacheka,
ukauliza kama ni handaki la panya.
Kisha ukatembeza kidole ukingoni, polepole,
kama mtu anayetafuta kituo redioni,
ukapita, ukarudi, ukasimama.

"Hapa," ukasema. "Hapa palikutokea nini?"

Jikoni kifuniko kilikuwa kimeanza kutetemeka.
Nikasema naenda kuleta chumvi.
Nawe, kidole kikiwa bado pale pale,
ukaanza kuhesabu.