Majibu kwa Karani wa Sensa

Karibu. Keti kwenye gogo. Si hilo, hilo lina unyevu.
Umepanda tangu Kapsokwony, naona tope
limekula kiatu chako cha kushoto hadi kamba.
Kunywa uji kwanza.
Serikali imengoja miaka kumi, haitashindwa na kibuyu kimoja.

Wangapi tulilala humu usiku ule wa hesabu?
Andika sita. Mimi, Psiwa, wajukuu watatu,
na ndama. Baridi ilishuka kutoka kileleni
ikapita chini ya mlango bila hodi,
na ndama anayelala nje usiku kama ule haamki.
Haya, mfute.
Ila ujue umemfuta aliyetupa joto.

Paa ni bati, la mbele. Nyuma ni nyasi.
Marehemu aliyabeba mgongoni mabati kumi na manne,
mawili mawili, safari saba,
upepo wa ukingoni ukimgeuza geuza
kama mtu anayetafuta ukurasa.
Fedha zikaisha kabla ya jikoni.

Sakafu ni udongo na samadi. Nimeisiriba Jumamosi.
Vua kiatu uikanyage, ndipo uandike.

Maji, kijitoni. Umbali?
Kwenda ni karibu, kurudi ni mbali.
Hicho kishikwambi chako hakina nafasi ya majibu mawili?
Sisi njia hatuipimi kwa urefu, mwanangu,
tunaipima kwa vituo vya kupumzika.
Shuleni, viwili. Sokoni na punda, vitano,
sita punda akiwa ni yule wa Cheminingwa.
Zahanati sijui. Anayekwenda huko huwa amebebwa,
na wabebaji hawahesabu.

Umeme: kitaa cha jua, pale dirishani.
Julai ukungu ulikaa wiki tatu,
kikawa kinakonyeza mara moja na kusinzia.
Yeko akasomea motoni. Ndiyo maana daftari lake linanuka moshi,
na mwalimu, kabla hajahama, alikuwa akilinusa akicheka.

Simu ipo. Mtandao uko juu ya jiwe lile.
Lakini nikilipanda tu, simu inatetemeka
na kunikaribisha Uganda.
Sijavuka popote, nimesimama juu ya jiwe la baba mkwe.
Sasa wewe utanihesabu upande gani?

Kazi, viazi. Na vitunguu, sakitu isipopita.
Mnunuzi anatungoja barabara inapokatikia,
gunia analivika kofia ya kamba, viazi ndoo nzima juu yake.
Analipa gunia.
Kofia, anasema, ni heshima.

Waliohama: Chesang, binti yangu. Yuko Nakuru,
anafunga maua ambayo hata mbuzi hawali.
Yanapanda ndege kila usiku.
Yeye nauli ya Krismasi bado anaitafuta.

Kuna aliyekufa miezi hii kumi na miwili?

Ndiyo.
Kitiyo, mama wa hawa. Miaka ishirini na saba.
Sababu? Nisomee hiyo orodha.
Hapana.
Hapana.
Hilo nalo hapana. Mtoto alizaliwa salama, ndiye huyo anayekuvuta mkoba.
Andika Aprili.
Haimo? Itafute. Mto ulikuwa kiunoni,
na wanaume wanne wakasimama ukingoni na machela
kuanzia adhuhuri hadi ikawa hakuna haja ya kuvuka.
Andika Aprili, au acha wazi.

Chaji imebaki kidogo, nimeona. Tumalize.
Namba yangu iandike kwa chaki, chini ya ukingo wa paa,
mvua ya jioni isije ikaisoma kabla ya mkubwa wako.

Juu yangu kuna nyumba mbili tu.
Boiyo hasikii, mguse bega.
Atakwambia ana miaka mia na kumi. Mpunguzie.
Pale pengine msikitike, yule mama anapenda kucheka.

Na chukua fimbo hii, mteremko umelowa.
Ukifika chini, mpe yeyote anayepanda.
Akikosekana, kaa nayo.
Utaileta sensa ijayo.