Mziba Nyufa wa Njia ya Tano

Kila Machi, theluji ikishageuka tope,
halmashauri hunituma na pipa la lami ya moto
nizibe nyufa za Mtaa wa Wafumaji.
Usipoziba ufa utajenga ukuta:
msemo huo ndio unaonilisha.

Ila nyufa za mtaa huu zina adabu zake.
Haziendi upogo, hazitawanyiki kama mizizi.
Huenda mbili mbili, bega kwa bega,
zimeachana mita moja, si zaidi si pungufu.
Hupinda penye duka la miwani la Pätzold,
hushuka darajani, hupanda hadi kiwanda cha sukari,
na huko hujizungusha duara moja
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Chini kuna reli. Hawakuzing'oa.
Mwaka ule wa tisini na nne kung'oa kulikuwa ghali,
kufunika rahisi.
Wakaimwagia lami njia ya tano
kama mtu afunikaye chungu akadhani njaa imekwisha.

Mama yangu, Roswitha, aliiendesha miaka kumi na tisa.
Mabehewa mawili ya Kicheki, mekundu kwa krimu.
Usukani hakuna.
"Hukati kona," alikuwa akisema, "kona ndiyo inakukata.
Kazi yako ni kujua pa kusimama."

Oktoba, majani yalipolowa juu ya chuma,
alikanyaga kidude cha mchanga,
chembe zikamwagika mbele ya magurudumu
na tani thelathini na kitu zikatulia
kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake kamili.
Nyumbani alikung'uta viatu mlangoni.
Nilidhani kila mama duniani
hunukia chuma na mchanga mkavu.

Usiku wa mwisho wengine walikuja na maua,
wengine na bisibisi.
Walifungua vibao, vishikio, kiti kizima kikateremshwa.
Mzee Ehrenfried, mwenye mkongojo, hakutaka kumbukumbu yoyote;
aliomba mzunguko mmoja tu zaidi.
Ratiba ilikuwa imekwisha.
Mama akafunga milango, akapiga kengele,
akampeleka.

Kisha wakampa basi.
Basi lina usukani.
Alisema mikono yake haikujua
la kufanya na uhuru wote ule.

Mwaka jana tulipigiwa kura: tramu irudi, isirudi?
Ikashindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili.
Mojawapo ni yangu.
Kodi inapanda, binti yangu anaanza chuo,
na ukweli mwingine ni huu: wakifukua mtaa,
mimi nitaziba nini?
Mama hakuniuliza.
Aliniwekea supu ya dengu, akasukuma siki upande wangu,
kama kila Jumamosi.

Leo alfajiri nimepiga magoti penye kona ya Pätzold.
Lami imebanduka kiasi cha kiganja
na reli inaniangalia, kahawia, yenye kutu,
mfereji wake umejaa vishungi vya sigara na kokoto.
Nimeinua birika la lami. Nimelishusha.
Nimeliinua tena.

Nikasikia ndara.
Alikuwa kasimama pale kilipokuwa kituo,
koti juu ya gauni la kulalia, mkate kwapani,
miaka themanini na mmoja.
Nikajiandaa kulaumiwa.

"Safisha kwanza," akasema. "Hizo taka zinashika maji.
Kisha ziba vizuri, mpaka kingoni.
Chuma hakipendi kulowa."

Nikachokoa kishungi kimoja kimoja kwa ncha ya kisu.
Nikaziba taratibu,
kama mtu apakaye mafuta goti linalouma.
Hakungoja nimalize.
Akatazama kushoto, upande wa kiwanda,
akasimama kidogo,
akaacha kipite kilichokuwa kikipita,
ndipo akavuka.