Magunia Arobaini na Mawili

Reli mpya imefika hadi hotelini, hapa Ruai,
kilomita mbili na robo kutoka lango kuu.
Inapinda nyuma ya jumba la majitu,
inavuka bwawa la viboko wa plastiki,
na upepo ukigeuka
inapita pia katikati ya harufu ya maji taka ya jiji,
ambayo haimo kwenye ramani.

Ramani nimeisoma. Mimi ndiye dereva.
Vituo tisa vya treni, kumi na vinne vya basi:
Kituo cha Twiga, Kituo cha Barafu, Kituo cha Malkia.
Mabasi ishirini yaliwasili juzi, viti bado vimevikwa nailoni,
kila moja limechorwa mnyama wake
ili mtoto akipotea aseme, "Mimi nilishuka kwenye kifaru."
Mgeni hatatembea hatua mia, kampuni imeahidi.

Lango la wafanyakazi halikupewa mnyama.

Nekoye hutoka Njiru kwa miguu, saa kumi na moja alfajiri,
viatu mkononi, kwa ajili ya ule udongo mweusi
unaomshika mtu kifundo kama mdai.
Syombua hutoka Kamulu, akibahatika na lori la mawe.
Wambugu wa zamu ya usiku hupishana nao njiani;
husalimiana kwa tochi.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Tulikaa Makongeni,
chumba kimoja, na saa ya ukutani hatukuwa nayo:
treni ya mizigo ndiyo iliyotuambia tulale.
Alisema reli haijui kuchagua,
inabeba saruji, inabeba askofu.
Sijui angesemaje juu ya hii yangu
yenye kengele inayocheka.

Jumatano ilikuwa siku ya majaribio.
Mhandisi Kisilu alitaka uzito:
magunia ya mchanga arobaini na mawili, kilo sitini kila moja,
yakae vitini kama abiria, yafungwe mikanda.
Lori la mchanga likakwama Saika.
Saa nne. Saa tano.
Mhandisi anatazama simu, anatazama mawingu.
Ijumaa wakubwa wanakuja kukata utepe.

Sikumbuki nani alisema kwanza.
Labda ni mimi.
"Kuna watu wa usafi. Wako arobaini na kitu."
Akawatazama kama mtu anayepima mbao.
"Waje," akasema. "Wasiguse chochote."

Wakaja na ndoo; tukawaambia ndoo zibaki.
Nekoye akafuta kiti kabla ya kukikalia,
kisha akajicheka, maana asubuhi alikuwa amekifuta.
Syombua akaomba dirisha.
Tukaondoka.

Kwenye daraja la viboko breki zilishika vizuri.
Kwenye kona ya majitu mtu mzima alipiga yowe la kitoto,
wala hakuomba radhi.
Kila kituo nilisimama sekunde arobaini, kama ilivyoandikwa.
Twiga: hakushuka mtu.
Barafu: hakushuka mtu.
Kengele ilipocheka, safari hii
ilipata wa kucheka nao.

Mzunguko mmoja ulitosha kwa fomu.
Nilizunguka mara tatu.
Nilisema breki ya pili sina hakika nayo.
Mhandisi alijua. Alikuwa behewa la mwisho,
kofia ya kazi ameipakata, macho ameyafumba.

Jioni nikajaza daftari.
Mzigo: magunia arobaini na mawili.
Hali: salama, hakuna lililopasuka.
Halafu pembeni, kwa penseli, kitu cha kufutika:
gunia moja, la dirishani,
liliuliza kama basi la kifaru
litafika Kamulu.