Shati la Bwana Dano

Lilibaki shati moja la kitani, buluu iliyopauka,
halina namba ya chumba wala jina.
Nikamkuta mgeni wa chumba cha tisa barazani,
nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha skuli ya Konde,
kila neno nimelitia wanga, nimelipiga pasi:
shati hili, tafadhali, ni la nani?
Akainua mabega. Akasema, "Dano."

Nikashukuru. Nikarudi dobi,
nikaandika kwa wino mzito: BWANA DANO.
Nikalitundika.

Siku nne namsaka.
Nimepekua daftari la mapokezi mbele na nyuma,
nimemkuta Danieli, nimemkuta Donati,
Dano hayumo.
Nikasema labda ni mtu mkubwa, kaja Kiwengwa kujificha.

Aliyenifungua macho ni Mwatima wa Mwembetanga,
yule yule aliyenicheka siku ya kwanza
niliposema nchele, niliposema ntu,
akalitembeza neno langu kantini nzima kama sinia.
Safari hii alicheka mpaka akakalia mashuka safi.
"Dano si mtu, we! Dano ni sijui!
Ai, du, noti, no. Manne hayo.
Wenyewe huyakamua yote kwa pamoja,
likabaki moja, linachuruzika."

Usiku nikafungua daftari, nikaandika nilivyosikia:
wona, nataka.
Gona, nakwenda kufanya, hata kama sendi popote.
Lemi, hebu niache.
Enti, siyo, lakini mwalimu asilisikie.
Nikamkumbuka mwalimu Mbarouk
aliyetukata maki mbili kwa kila herufi tuliyoiacha.
Alitufundisha Kiingereza kilichovaa koti.
Hakutuambia kwamba nacho kina kwao,
kikifika kinavua viatu, kinajifunga kikoi,
kinakula kwa mkono.

Nikamkumbuka na yule msichana aliyeniambia "kul",
nikakimbia kumwashia feni.
Kumbe anasema poa.
Na sisi poa yetu, nani aliyewahi kuikimbilia feni?

Simu ikalia. Mama, kutoka Pemba, mtandao unakatika:
"Nshakwambia, babaako kesharudi, nchele ushafika,
we ushakula?"
Nikahesabu kwa vidole gizani.
Nimekwisha kukuambia.
Baba yako amekwisha kurudi.
Nani alikaa akayakata haya? Mkasi uko wapi?
Hakuna. Ni midomo tu,
bibi kwa bibi, inafua, inasuuza, inaanika.
Nguo ikifuliwa sana hurudi.
Na neno hurudi,
likawaenea wenye nyumba,
mgeni akilivaa likamkaba shingo.

Mimi mwenyewe lilinikaba.
Nilimjaribia gimi bibi mmoja wa chumba cha tatu,
gimi, nipe ufunguo,
uso ukamkunjamana kama foronya iliyosahauliwa ndooni.
Nikajua: gimi ni ya mtu na nduguye,
kama vile siwezi kumwambia kadhi "we, ushakula?"
Nikarudi kwenye tafadhali yangu yenye wanga.
Bibi akatabasamu, ufunguo nikapewa.

Mwatima siku hizi hanicheki nchele.
Nilimuuliza mara moja tu:
"Shoga, na wewe 'skwambii' yako umeifupisha wapi?"
Akanyamaza, akakunja taulo tatu,
kisha akasema, polepole,
si-ku-a-mbi-i,
kama mtu anayevaa kanzu ya babu yake
akakuta mikono imempita vidole.

Juzi msimamizi, Bwana Haroub, kasimama mlangoni.
Miezi mitatu shati hili linaning'inia, la nani?
Kauliza kwa Kiingereza, maana wageni walikuwa wanapita.
Nina pini mdomoni, pasi mkononi.
Nikainua mabega.
"Dano," nikasema.

Akalisogelea, akasoma kibandiko,
akaitikia kwa kichwa,
akashika njia ya mapokezi kwenda kumtafuta.