Nyuma ya Kamba

Jumapili ya kwanza ya Mei, uwanja wa Glarus umefurika.
Tarumbeta zimepita, wakubwa wamepita na makoti meusi,
na mimi, Ximena wa Valparaiso, mwaka wa kumi na nne hapa,
nimesimama nyuma ya kamba
pamoja na watalii, na mbwa wa Bi Regula
aliyeniachia ili mkono wake uwe huru.

Hapa sheria hutungwa mchana kweupe, kwa mikono.
Kadi zinapanda, mwenyekiti anatupa jicho,
anasema: wengi ni hawa. Hahesabu!
Walioshindwa wanakwenda kula soseji.
Kwetu mjomba Nicanor alizima redio
kabla ya kutaja jina la waziri,
na kura zikihesabiwa mara tatu
bado tulilala na viatu miguuni.
Nakiri, jicho la yule mzee nalihusudu.

Lakini chupa! Jumapili usitupe chupa pipani,
mlio wake utaamsha milima.
Na zamu ya kufua: yangu ni Alhamisi, wiki moja kwa nyingine,
saa moja hadi saa sita.
Soksi moja niliyoisahau hadi Ijumaa
iliniletea barua yenye "kwa heshima" tatu.
Nilicheka. Nikalia kidogo.
Nikaitia kwenye faili, maana hapa hata kilio kina faili.
Kodi ya kanisa nililipa miaka miwili
kwa kutojua kisanduku cha kutia alama.
Mungu anisamehe, sikudai zirudishwe.

Mama huniuliza kwa simu: wanakupenda huko?
Mama, wananisalimu.
Mayai yanauzwa kando ya njia bila muuzaji,
unatumbukiza sarafu kwenye kopo.
Na kopo lenyewe, anauliza, halijaibwa?

Kazi yangu ni meno ya bandia.
Naijua midomo ya bonde hili kutoka ndani,
nani husaga meno usiku, nani huuma upande mmoja.
Kwa hiyo Fridolin wa kiwanda cha mbao alipopanda jukwaani
kupinga basi la saa tano usiku,
nilisikiliza kwanza herufi zake.
"S" zilitoka safi, hazikupiga mluzi.
Taya la juu, Novemba, nililirudia mara mbili.
"Basi hili," akasema, "linabeba watu wanne."

Wanne. Sivakumar wa jikoni hospitalini,
dada wawili Wareno wanaosafisha benki,
na mimi, kila ninapochelewa kwenye taya la mtu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe walinipa zamani, wala silalamiki.
Mpini umeshachukua umbo la kiganja changu.
Ila kiganja hicho leo kimeshika mbwa.

Mikono ikapanda, mwenyekiti akasita.
Akaita tena. Akasita tena,
akawaita wenzake wanne wamwazime macho.
Mimi nilikuwa nikimtafuta Regula,
nikaziba jua, nikasimama kwa ncha za vidole,
mwanamume mwenye kofia pana akanikinga.

Basi likapona, kwa kiasi ambacho
hakuna atakayekijua.

Regula akarudi, akapokea mbwa wake.
"Amekojoa?"
"Mara mbili."
Hakusema mkono wake ulikuwa wapi.
Nami nimejifunza hapa mambo yasiyoulizwa,
hata yakifanywa mbele ya watu elfu saba.

Jumatatu, saa tano usiku, tulikuwa watano.
Wa tano alipanda kwenye kituo cha baa,
amenyeshewa, anapapasa mifuko akitafuta nauli,
Fridolin.
Hakukuwa na nafasi ya kujifanya hatuonani.
Akanisalimu kwa jina langu lote, mpaka la ukoo,
akakaa kiti cha mbele yangu,
na kwenye kioo cha dirisha, gizani,
nikaona anapitisha ulimi juu ya meno,
taratibu, moja moja,
kama mtu anayekagua kama yote bado ni yake.