Mwanga wa Ubavuni

Shangazi Radi, toleo la kwanza, shilingi moja na nusu,
lilikaa darini kwetu Kibosho miaka arobaini
ndani ya gunia la kahawa, chini ya mbao za jeneza
ambazo babu aliziandaa mapema, akachelewa kuzitumia.

Nililishusha mwezi wa saba, baridi ikiuma.
Shangazi alikuwa bado jaladani, kanga kiunoni,
radi mkononi kama mwiko.
Ila uti ulikuwa umeachia, pini zote mbili kutu,
kona moja imeliwa na panya,
na pembeni, kwa penseli: NDETAULWA, DARASA LA IV B.

Nikasema, lioge kwanza.
Nani humpeleka mwari ukumbini na tongotongo?
Wembe ukanyoosha kingo.
Uji wa muhogo ukagandisha uti.
Kalamu nyekundu ya mwanangu ikairudishia kanga wekundu.
Pini nikang'oa, nikatia za stepla, mpya, zinang'aa.
Ufutio ukamalizia.
Nilipopuliza uchafu wake mlangoni
kuku walikimbilia, wakadonoa, wakaniangalia.

Majengo, kwa Mama Kokuhirwa.
Alihesabu noti benki miaka thelathini,
akastaafu na taa yake ya zambarau.
Alinawa kwa sabuni ya mche, akajikausha
hadi katikati ya vidole, ndipo akaligusa.

"Nani amelitibu?"
"Mimi," nikasema, kifua mbele.
Akawasha taa. Kanga ya Shangazi ikawaka
peke yake, kama uongo mbele ya wakwe.

"Alama ni kumi. Ya kumi sijawahi kuiona.
Hili, na kutu yake, na panya wake, ningelipa nne.
Nne, na laki sita mkononi.
Kutu ni umri. Panya ni panya, hadanganyi.
Lakini wembe huu, wino huu, pini hizi za juzi...
Yaliyotiwa mkono yana kabati lake.
Laki moja na nusu. Hiyo ni heshima ya kurasa za ndani."

Nikabisha. Nyumba ikipakwa rangi, kodi hupanda!
Gari likinyooshwa bodi, mteja huja mbio!
Hata maiti huvalishwa suti.
"Gari utaliendesha," akasema. "Hili utaliamini tu."

Kisha akazima taa ya zambarau,
akachukua tochi ya kawaida, akailaza mezani
mwanga upite ubavuni, chini chini,
kama jua la saa kumi na mbili juu ya shamba lililolimwa.
Karatasi ikaota matuta.

"Hapa palikuwa na jina."

Sikujibu.
"Alibonyeza sana, huyu. Wa darasa la nne hubonyeza."
"Lingebaki, ungekata ngapi?"
Alifikiri kwa muda mrefu, kwa haki, kama mtu wa benki.
"Nusu alama. Labda hata hiyo nisingekata."

Kaka alilinunua kwa ujira wa kuchuma kahawa ya jirani,
akachapwa kwa sababu chumvi ilikuwa imekwisha nyumbani.
Alilisoma huku analia, halafu huku anacheka,
halafu akaandika jina ili nisiseme ni langu.
Nilikuwa nasema ni langu.
Baadaye Mererani ilimwita, haikumrudisha.

Sikuuza.
Usiku huu liko mezani, na penseli iko karibu.
Najua namna: unalaza risasi, unapitisha polepole,
karatasi inakuwa nyeusi, mfereji unabaki mweupe,
jina linachomoza. Ndivyo tulivyochora sarafu, yeye na mimi.
Nimeishika mara mbili.
Huo nao ni mkono.

Nachukua tochi.
Nikiilaza, N inatokea, kisha D, kisha zile nyingine.
Nikiisimamisha, hakuna mtu.