Vitufe Visivyo na Herufi

Kidhibiti kilikufa Jumamosi jioni,
mvua ya Gateshead ikija mshazari, ikigonga kioo
kama mtu aliyesahau funguo.
Masele akakitikisa, akakipuliza, akakipiga pajani,
kisha akanitazama kama mdai.
Duka limefungwa. Mshahara nao bado wiki.
Kabatini kulikuwa na kicharazio
nilichonunua pauni mbili, mitumba ya kanisa,
kimesuguliwa na vidole vya watu nisiowajua
hadi herufi zote zimekwisha.
Imebaki nusu duara moja:
labda C, labda O, labda alama ya ukucha.

Tukakichomeka kwenye konsoli. Gemu ikakubali.
Ikaanza kuuliza, moja moja, kama karani wa kaunta:
Kwenda mbele?
Masele akabonyeza mahali. Skrini ikaandika: nukta.
Kurudi nyuma?
Akabonyeza pengine. P.
Kuruka? Kuinama?
Kitufe hiki kimeshachukuliwa. Chagua kingine.
Kitufe hiki kimeshachukuliwa.
Baada ya robo saa mpiganaji wetu,
mwanamke wa misuko ya chuma, mabega kama milango,
aliinama kila alipotaka kusonga,
akapigwa na mzee mwenye mkia
ambaye hata hakuwa na haraka.

Ndipo Baba akatoka chumbani na shali yangu mabegani.
Wiki ya tatu tangu aje,
bado anapima baridi kwa kugusa kioo na kuguna.
Akasimama. Akatazama yale mateso.
"Sogea," akamwambia mjukuu.

Miaka thelathini na mmoja alipiga chapa
Mahakama ya Wilaya, Urambo.
Nakala tatu za kaboni, pambizo inchi moja na nusu,
macho kwenye karatasi ya hakimu, kamwe si chini.
Akavuta kiti. Vidole vinane vikashuka safu ya kati,
kila kimoja kwenye mkeka wake.

"Kwenda mbele," nikamtafsiria.
"K."
Skrini: K.
"Kurudi."
"J."
Masele akaacha kutafuna.
"Ngumi nyepesi."
"F."
"Ngumi nzito."
"D. Kidole cha kati ndicho chenye nguvu."
"Teke."
"Teke la wapi?"
"Hawasemi wapi, Baba."
"Hakimu angeuliza."

Nikakumbuka sentensi alizorudi nazo nyumbani,
zimemganda vidoleni pamoja na wino:
mshtakiwa, bila sababu ya halali,
alimpiga mlalamikaji kwa ngumi usoni
na kumsababishia maumivu.
Magomvi ya wilaya nzima yalipita mikononi mwake,
marungu, meno, chupa, jembe moja,
na sisi hakuwahi kutuinulia hata kandambili.

Kidole chake kidogo cha kushoto hakikunjiki tena.
Nikataka kukiruka. Akakataa.
"Kukinga mpe huyu. A.
Kazi yake iwe kukaa hapo tu."

Akapigana kama anayewahi posta ya saa tisa.
Mzee mwenye mkia akarudi nyuma, akarudi tena,
na Masele juu ya sofa akapiga kelele: "Sasa, Babu!
Vinne kwa pamoja! Pigo kuu!"
Babu akashusha vinne kwa pamoja.
Hakuna kitu.
Kicharazio cha pauni mbili husikia vidole vitatu,
cha nne hukimeza.
Mkia ukazunguka. Misuko ya chuma ikalala chini.

"Karani mvivu," Baba akakiambia kicharazio, bila hasira,
akarudisha shali begani, akataka chai.

Masele akakaa kwenye kiti chenye joto la babu yake.
Akajaribu kupanga vidole vile, safu ya kati,
akikosea, akichungulia, akianza upya.
Akagusa ile nusu duara.
"Na hii, Babu, ni nini?"

Baba alikuwa ameshageukia jikoni, mgongo kwetu.
"Iko kati ya F na H?"
"Ndiyo."
"G," akasema. "Hatuihitaji."